Mizani ya Chumba cha Nyuma

Karibu na Dauphin, Manitoba
12 Januari 2012

Metro mdogo wangu,

Simu najua husikii tena sawasawa, na mimi sitaki kupiga mayowe mpaka Baba adhani nyumba inaungua. Basi nakuandikia.

Krismasi yetu imepita. Vile vyakula kumi na viwili vya mkesha, desturi yetu ya Kiukraini, nilipika vinne tu, Mungu atanisamehe. Baba alikula kimoja akauliza watu wako wapi.

Unauliza anaendeleaje. Mwili mzima, kichwa ndiyo hivyo. Ananiita "binti", lakini si kwa kuwa anajua mimi ni binti yake, maana hata muuguzi anamwita hivyo hivyo. Asubuhi anavaa buti juu ya nguo za kulalia na kuniuliza treni inafika lini. Ghala la nafaka alilofanyia kazi lilivunjwa zamani na reli ikang'olewa, lakini nimeacha kumweleza. Kila nikimweleza analia upya, kama ndiyo kwanza anasikia. Siku hizi namwambia treni imecheleweshwa na theluji, anatulia.

Nafuu yangu ni moja, na utacheka. Unaikumbuka ile kompyuta uliyomnunulia mwaka themanini na nane? Kampuni ilikuwa imetangaza kwamba mizani za maghala yote zitaingizwa kwenye kompyuta, Baba akawa hali, halali, na wewe ukamwandikia lile zoezi la kujifunzia: lori linaingia mizanini, anasoma uzito, anachagua nafaka iende kihenge gani, na treni inakuja kupakia. Ukaweka na majina ya majirani wote. Wakati ule aliifunika kwa kitambaa cha meza cha Mama akasema hataki kuliona sanduku hilo. Sasa anaifunua mwenyewe kila siku! Akimaliza chakula cha mchana anavaa kofia ya kampuni, anachukua chupa yake ya kahawa, ananiambia, "Naenda kazini, binti," na kuingia chumba cha nyuma. Na huko anafanya kazi kweli. Namsikia: "We Ostap, umeniletea ngano au supu? Irudishe ukaikaushe!" Ostap alikufa mimi nikiwa bado na meno yangu yote.

Anakaa huko muda wa saa mbili hivi. Metro, hizo saa mbili ndizo zangu. Ndizo ninazooga, ndizo ninazolala. Zikiondoka hizo, na mimi sipo.

Tatizo ni kwamba mashine inachelewa kuamka. Inahesabu namba zake kwenye kioo mpaka kahawa inapoa, na Baba akingoja sana anasahau alichokuja kufanya. Anatoka, na mimi siku yangu imeharibika. Jana aliizaba kofi.

Nadia, muuguzi wa wilaya, ananishauri niandikishe jina la Baba kwenye nyumba ya wazee mjini. Anasema nina miaka sitini na tatu na wa kwanza kuanguka nitakuwa mimi. Nimemwambia nitakuuliza wewe.

Njoo, Metro. Hata wiki moja tu. Sikuombi kingine.

Dada yako,
Tekla


Thunder Bay, Ontario
23 Januari 2012

Dada Tekla,

La nyumba ya wazee kwanza, tulimalize: hapana. Ulikuwepo na mimi nilikuwepo. Mama alitushika mikono wote wawili pale hospitalini tukamwahidi kwamba Baba hatoki kwenye nyumba yake. Mwambie Nadia asante sana kwa ushauri.

Sasa la kompyuta. Dada, mbona hukusema mapema! Nimesoma barua yako nikacheka peke yangu hapa kama chizi. Baba! Kwenye kompyuta! Aliyeniambia hilo sanduku atalifugia kuku!

Hilo la kuchelewa dawa yake ninayo mezani. Ndani ya boksi hili, kwenye sifongo nyeusi, kuna prosesa. Hiyo ndiyo akili ya mashine. Iliyomo sasa ni mzee mwenzake Baba. Hii ilitengenezwa maalumu kuingia kwenye soketi ile ile ya ile ya zamani, na inakwenda mara nne zaidi, pengine tano. Siku hizi watu wanazitafuta kwa tochi. Nilikuwa nimeiweka kwa ajili ya mashine yangu, lakini Baba kwanza.

Utaiweka mwenyewe, si kazi ngumu. Chomoa waya wa umeme. Fungua skrubu za nyuma, vuta kifuniko. Utaona ubao wa kijani, na upande wa kushoto mraba wa kijivu mkubwa kuliko mingine. Ndiyo huo. Usiuvute kwa nguvu! Ingiza bisibisi bapa chini yake, inua kidogo huku, kidogo kule, uzunguke hivyo pole pole mpaka utoke. Una miguu zaidi ya mia, myembamba kama sindano. Hii mpya ina kona moja iliyokatwa, na kona hiyo ikae palepale ilipokuwa kona iliyokatwa ya mwenzake. Ukiigeuza, utasikia harufu tu na hakuna mashine tena. Na kabla hujagusa chochote, shika chuma cha sanduku. Hewa ya huko majira haya ni kavu, cheche moja tu ya mwilini mwako inaiua. Vua sweta ya sufu. Vua na soksi.

Kuja nitakuja. Barabara zikifunguka kidogo. Gari langu halitaki baridi, na hapa nina mashine tatu za watu nimeahidi kuzimaliza.

Msalimie Baba. Mwambie Metro amemletea mizani mpya.

Mdogo wako,
Metro


Karibu na Dauphin
6 Februari 2012

Metro,

Nje baridi inapasua kucha, na wewe unaniambia nivue soksi.

Nimevua. Nimefanya yote uliyosema, ila bisibisi iko gereji na gereji iko chini ya theluji, kwa hiyo nimetumia kisu cha siagi. Nimezunguka, nimezunguka, nimeitukana Kiukraini na Kiingereza, mwisho ile prosesa ya zamani ikaruka yenyewe kama jino, ikaanguka sakafuni, na mimi nikaikanyaga kwa mguu wangu huo huo ulioniambia niuvue soksi. Imeingia nyamani! Miguu yake mingine imelala, mingine imekatika. Natumaini ya zamani huihitaji.

Mpya nimeiingiza. Kona kwa kona. Nikawasha huku nimefumba jicho moja. Ile hesabu yake ya namba imekwisha kabla sijavuta kiti.

Baba ndiyo anavaa kofia sasa hivi. Nakimbiza barua hii kwenye sanduku la barabarani mtu wa posta asinipite, halafu nikirudi nalala. Nalala, Metro! Umenisaidia, sikatai.

Bado nataka uje.

Tekla


Thunder Bay
16 Februari 2012

Dada Tekla,

Kisu cha siagi! Nimewasimulia wenzangu wa kompyuta za zamani, mmoja karibu azimie. Wao wana vifaa vya kila aina kwa kazi hiyo na bado mikono inawatetemeka. Ukitaka kazi uniambie.

Unaona sasa? Wala halikuwa jambo la kwenda kwa Nadia wala la nyumba ya wazee. Ilikuwa mashine tu. Nimepata na vibao vya kumbukumbu vya kuongezea, nitavituma nikipata boksi zuri. Niambie Baba amesema nini alipoona mambo yanakwenda chap chap.

Metro


Thunder Bay
5 Machi 2012

Dada,

Mbona kimya? Nilimwomba Walter wa ghorofa ya chini anipigie simu kwenu, akasema inaita tu. Niandikie hata mstari mmoja. Vile vibao vya kumbukumbu vilifika?

Metro


Karibu na Dauphin
9 Machi 2012

Metro,

Vibao vyako vimefika. Viko kwenye droo ya vijiko.

Sikukuandikia kwa sababu kila nilipokaa kukuandikia nilikuwa natukana, nachana. Leo sina hata nguvu ya kutukana, kwa hiyo utasoma.

Siku ile ile nilipotia barua sandukuni, nilirudi na kabla sijavua koti nikasikia Baba anapiga kelele. Nikakimbilia chumba cha nyuma. Malori yalikuwa yanafukuzana kwenye kioo. Lori linaingia mizanini, hajasoma uzito limeshatoka, jingine limeingia. Ngano inamwagika kwenye kihenge cha shayiri, treni inapiga honi na kuondoka tupu. Na Baba anabonyeza, anabonyeza, anapiga kelele: "Ngoja! Ostap, ngoja kwanza! Jamani, ningojeni!"

Nikazima. Akainua mikono yake akaitazama. "Binti," akaniambia, "mikono yangu imekwisha."

Kesho yake alirudi kazini. Na kesho yake tena. Unamjua Baba, hakubali kushindwa na kazi. Kila siku anatoka huko ametota jasho. Halafu siku moja akavua kofia, akaiweka juu ya kibodi, akavaa koti lake la kanisani na kwenda kukaa kwenye kiti cha karibu na mlango. Nikamuuliza, "Unamngoja nani?" Akasema anamngoja mtu wa kampuni aje kumfukuza kazi. Anataka akutwe amevaa vizuri.

Basi anakaa hapo. Kutwa nzima. Nikimwondoa anarudi. Halali, kwa hiyo na mimi silali. Wiki iliyopita nilisinzia nimesimama nakoroga supu ya bitiruti, nikaunguza mkono mpaka kwenye kiwiko. Juzi nilikaa chooni, nikasinzia huko, na Baba akatoka nje kumfuata huyo mtu wa kampuni barabarani. Kijana wa Shewchuk anayesukuma theluji alimkuta na ndara miguuni. Angepita njia nyingine siku hiyo, sasa hivi tungekuwa tunaandikiana mengine.

Usiniambie nirudishe ile ya zamani. Nimeikanyaga, umesahau?

Nilikuomba uje. Ukaniletea kitu cha kufanya mambo yaende haraka. Nani aliomba haraka, Metro? Kuna mtu yeyote katika nyumba hii aliyeomba haraka?

Tekla


Thunder Bay
15 Machi 2012

Dada Tekla,

Kosa ni langu, na nimelijua niliposoma neno "ningojeni".

Nilipoandika zoezi lile sikujua njia nzuri ya kuiambia kompyuta ingoje. Wengi wetu tulifanya hivyo siku zile: unaiambia ihesabu kimya kimya moja, mbili, tatu, mpaka elfu tatu, ndipo ilete lori linalofuata. Mashine ilikuwa inahesabu pole pole, lori nalo likaja pole pole. Prosesa hii mpya inahesabu kama imefukuzwa na mbwa. Maisha yangu yote nimetengeneza kompyuta, Dada, na hilo halikunipitia kichwani hata mara moja. Niliona kikienda haraka basi ni kizuri.

Tujaribu hivi. Washa, lakini usifungue zoezi. Kwenye karatasi niliyokuwekea humu nimeandika maneno ya kuandika ili uione programu yenyewe. Utaona mstari wenye elfu tatu. Weka elfu tisa mahali pake. Ikiwa bado ni haraka, ongeza. Ikizidi kuwa pole, punguza. Utapata tu.

Na la kuja. Si gari. Gari ni zima. Kwenye mazishi ya Mama, Baba alinijia kaburini akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia, "Pole sana kwa msiba, bwana," akaenda kumpa pole mwingine. Mimi nikabaki pale na keki ya mazishi mkononi. Ninaogopa, Dada. Nikikaa huku naweza kujifanya bado ananijua. Nikija huko atanitazama, na nitajua kwamba hanijui.

Usinicheke.

Metro


Karibu na Dauphin
24 Machi 2012

Metro,

Sikucheki.

Nimeweka elfu tisa, bado haraka. Nimeweka elfu ishirini, lori likakaa mizanini mpaka Baba akasinzia na kuamka akiuliza hapa ni wapi. Nimeweka elfu kumi na nne, Jumatatu ikawa sawa kabisa, nikataka kulia kwa furaha. Jumanne namba ile ile ikamshinda. Niambie, niandike namba ipi? Ya Baba wa Jumatatu au ya Baba wa Jumanne? Siku nyingine zote ananiuliza mtu wa kampuni amekwama wapi.

Unaogopa hatakujua. Na mimi je? Ninamwogesha, ninamlisha, ninamkata kucha, na jana aliniuliza kwa adabu mwenye nyumba hii ni nani, ili amshukuru. Unadhani nikasemaje? Nilisema nitamfikishia shukrani, nikaendelea na kucha. Wewe uliumia mara moja, kaburini. Mimi huku ni kila siku, na sufuria ziko jikoni zinaningoja.

Sasa nisikilize, mimi ni dada yako mkubwa. Utakuja. Lete nguo za kutosha na uje na ufunguo wa kwako. Ukiingia mlango huu mimi natokea huo huo, naenda Thunder Bay kulala kwenye kitanda chako. Badilisha mashuka, nakujua.

Kuna na jambo jingine, nitakuambia ukifika.

Tekla


Karibu na Dauphin
14 Aprili 2012

Dada Tekla,

Ajabu, leo mimi ndiye naandika kwenye meza hii na wewe ndiye unayesoma kule. Umeona birika langu halizimiki lenyewe? Lichomoe ukutani.

Uliponiachia Baba na kukimbilia basi nikajua kweli umechoka, maana hata skafu umeisahau. Alikuwa kwenye kiti chake pale mlangoni na koti la kanisani. Akanitazama. Akasimama, akavuta kola, akanyoosha mgongo, na kuniambia, nami nikasoma midomo yake, "Umekuja kunifukuza."

Hakunijua, Dada. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima na bado lilinichoma. Lakini nikamwona anavyohangaika na vifungo vya koti, nikaona hapa mwenye shida si mimi. Nikamwambia, "Hapana, mzee. Nimetumwa na kampuni kutengeneza mizani. Mizani ndiyo iliyoharibika, si wewe. Kampuni inakuomba radhi."

Weee! Ungemwona. "Niliwaambia!" akapaza sauti mpaka nikasikia hata mimi. "Niliwaambia wale wajinga, nani alinisikiliza? Mwezi mzima nakaa hapa na tai!" Akavua koti akanitupia nilishike. Akaniuliza kama nimekula, akaniambia kuna binti hapa anapika vizuri lakini leo hamwoni.

Mizani nimeitengeneza. Nilikaa kando yake siku mbili nikitazama vidole vyake, na nikaona ulisema kweli, hakuna namba inayomfaa. Asubuhi ni mtu mmoja, mchana mwingine. Kwa hiyo nimefuta kuhesabu kote. Sasa lori likiingia halitoki mpaka Baba aseme litoke. Akitaka dakika, akitaka saa nzima, Ostap anamngoja. Treni nayo haiondoki. Ningeweza kuliandika hivyo tangu mwanzo, ni kazi ya mchana mmoja, ila kule kwangu sikuwa na mtu wa kumtazama.

Anafanya kazi tena. Ananituma kahawa. Jana alinifokea kwamba vijana wa siku hizi hatujui kufagia.

Ila nikuulize, hizo saa mbili ulizipata lini? Anaingia, anapima malori mawili matatu, halafu anakuja kunitafuta. Na kwa kuwa simsikii akiamka, nimefunga kamba kutoka kitasa cha mlango wake mpaka kwenye kidole changu cha mguu. Nimeshavutwa mpaka kimevimba. Supu yangu inashika chini kila siku, anaila huku ananihurumia.

Pumzika. Usiulize chochote.

Metro


Thunder Bay
20 Aprili 2012

Metro,

Nimelala. Nilipoamka nikalala tena. Walter wa chini aligonga akaleta samaki wa kukaanga, alidhani nimekufa humu.

Leo nimekwenda kutembea mpaka ziwani. Kila nikisikia kishindo nageuka, nadhani Baba ameanguka. Nikashtuka naongea peke yangu: "Treni imecheleweshwa, Baba, kaa." Mama mmoja akavuta mtoto wake pembeni.

Sijui nifanye nini na mikono. Nimekufulia mapazia, yalikuwa aibu.

Kuna jambo nilitaka kukuambia kabla sijapanda basi, nikashindwa. Nimeanza kuliandika hapa mara kadhaa nafuta. Nitakuandikia wiki ijayo, nikipata moyo.

Kidole kipake mafuta ya bata, yapo nyuma ya unga.

Tekla


Karibu na Dauphin
27 Aprili 2012

Dada Tekla,

Usihangaike kuandika. Nadia amenieleza.

Alikuja Jumanne akakukosa, akasema na mimi, pole pole na kwa sauti kubwa kama wanavyofanya wote. Chumba kimepatikana kwenye nyumba ya wazee, kina dirisha, wanataka jibu haraka. Nikamwambia amekosea nyumba, sisi hatukuomba chumba. Akashika mkono wangu akasema uliomba wewe mwezi wa tatu, wiki ile ulipoungua. Akasema ulilia mezani kwetu mpaka chai ikapoa.

Nilikasirika, sikufichi. Nilitoka nikaenda kusimama uani nikawa nasema peke yangu: ameniahidi, tumemwahidi Mama, amekwenda nyuma ya mgongo wangu. Nikasema mengi, afadhali hukuwepo.

Halafu nikarudi ndani kumtazama Baba. Alikuwa kazini. Lori la Ostap lilikuwa mizanini tangu tulipomaliza kula, halijatoka. Baba amekaa mbele yake, ameshika kofia, anaigeuza geuza, hajui inavaliwa wapi. Amejikojolea na hana habari. Nilikuwa nimefanya kila kitu kimngoje, Dada. Mashine inamngoja, lori linamngoja, mimi namngoja. Na yeye hakuwa anakuja.

Nikamwogesha. Ilinichukua mchana kutwa, na mgongo wangu mpaka sasa haunyooki. Mimi nimefanya wiki tatu. Wewe umefanya miaka, peke yako, na kila ulipoinua kichwa kuniomba nije nilikutumia kifaa. Kwa kweli ile hapana niliyokuandikia mwezi wa kwanza niliandika nikiwa nimekaa kwenye joto, na mikono mikavu.

Nimemwambia Nadia ndiyo.

Nimesema mimi. Wewe hukusema kitu, ulikuwa Thunder Bay unafua mapazia. Ahadi tulitoa wawili lakini aliyeibeba ni mmoja, basi aliyeivunja awe mwingine. Wakikuuliza kanisani ni nani aliyempeleka Mzee Harasym nyumba ya wazee, usiseme "tuliamua". Sema ni Metro. Watanong'ona huko huko, mimi sisikii.

Tunampeleka Jumatatu ya wiki ijayo. Kompyuta wamekubali ije naye. Ukitaka kuwepo, njoo. Ukiona huwezi, baki huko ulale, nitamfunga vifungo vya koti mwenyewe.

Nilimwambia jana, wakati ametulia anakula. Nikasema, "Mzee, kampuni inakuhamisha. Unapelekwa kituo cha mjini. Kuna joto, na chakula kinaletwa mezani."

Akatafuna kwanza. Akaniuliza, "Na yule binti?"

Nikamwuliza, "Binti yupi?"

"Yule wa hapa. Anayeniletea kahawa. Na yeye wanamhamisha?"

Nikasema, "Hapana, mzee. Yeye amepewa likizo."

Akaweka uma chini. "Wamechelewa," akasema. "Wamechelewa sana hao watu. Wewe unajua kuandika?" Nikasema najua. "Basi waandikie ofisini. Waambie Harasym amesema, yule binti amefanya kazi kuliko sisi sote. Waandikie leo, usisahau."

Basi ndiyo hii nimeandika, Dada.

Mdogo wako,
Metro